Ahadi Aliyopewa Orest Dumanski

Loretta Desjarlais alijua kuna jambo haliko sawa pale alipomkuta Orest Dumanski amenyoa ndevu.

Kwa wiki nzima mzee huyo hakutaka kuguswa uso. Alikuwa mkulima wa ngano, pande la mtu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya shamba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeliwa na mashine ya kupandishia nafaka ghalani, mavuno yakiwa yamepamba moto, na madaktari wa hospitali ya mji wa Kalyna wakaukata chini ya kiwiko. Siku za kwanza alimtukana kila aliyepita karibu na kitanda chake, na wauguzi wakachukulia kuwa huo ni uzima. Kisha akanyamaza. Sahani za chakula zikawa zinaingia na kutoka vilevile. Mkewe, Slavka, alimletea pirohi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, alizozikunja mwenyewe, zikaishia kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Ukimsalimia, alitazama dirisha. Ukimwuliza maumivu yakoje, aliinua bega moja.

Na leo, siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, amenyoa. Amenyoa kwa mkono wa kushoto, akajikata kidogo kidevuni, akachana na nywele, na sasa amekaa ukingoni mwa kitanda, uso umemkunjuka kama bwana harusi.

"Ingia, binti, ingia! Mbona umesimama mlangoni kama paka aliyenyeshewa?"

"Habari za asubuhi, mzee Orest. Leo umependeza."

"Leo nimeamka vizuri. Nimelala kama mtoto." Akamwelekezea kidole mzee Wendell Pruitt, yule wa kitanda cha pili aliyevunjika nyonga. "Redio nimemwachia huyu. Asikilize mechi za magongo za barafuni, timu yake ifungwe, apone kwa hasira."

"Na wewe nyumbani utasikiliza nini?" Loretta aliuliza huku akimfunga kitambaa cha kupimia presha.

"Mimi sitaihitaji." Akainamia kabati dogo, akatoa glavu nene za ngozi, akazitupa mapajani mwa Loretta. "Hizi mpelekee baba yako. Ngozi ya kulungu, hazijamaliza hata majira mawili. Chukua zote mbili, mimi moja niifanyie nini?"

Mzee Pruitt akacheka hadi akashika nyonga. Loretta naye akacheka, maana mzaha ulichekesha kweli, lakini kicheko hakikudumu. Presha ya mgonjwa ilikuwa nzuri kabisa. Joto zuri. Kidonda kikavu, safi. Kila kilichopimika kilikuwa sawa, na ndicho kilichozidi kumtisha.

Chuoni walikuwa na mwalimu mmoja aliyependa kusema kwamba mgonjwa anayelia asikutie hofu sana. Mwogope yule aliyekuwa akilia, akaacha kwa usiku mmoja, na hakuna kilichobadilika. Wanafunzi waliandika maneno hayo kama walivyoandika mengine yote. Loretta hakuwahi kuyahitaji mpaka asubuhi hiyo.

Alimkuta Corazon Villaruel, muuguzi kiongozi wa zamu, akigawa dawa kwenye toroli. Corazon alikuwa Mfilipino aliyezeeka na wodi ile. Alitembea haraka, alisema haraka, na watoto wake walizaliwa katika jengo hilohilo.

"Dada Corazon, mzee Dumanski ananitia wasiwasi."

"Homa?"

"Hana homa. Amefurahi."

Corazon aliinua macho kutoka kwenye vidonge. "Mdogo wangu, mtu anakwenda nyumbani kwake, kwa mkewe, akale chakula chenye chumvi. Unataka alie?"

"Amegawa redio yake. Amenipa glavu. Anasema hatazihitaji."

Mkono wa Corazon ukasimama hewani. Kikombe cha vidonge akakirudisha torolini taratibu. "Umemwuliza?"

"Nimwulize nini?"

"Unajua cha kumwuliza."

Loretta alijua. Maneno yenyewe yalikuwa machache, mtoto angeweza kuyatamka, lakini yeye aliyaogopa. "Je, nikimtia wazo ambalo hakuwa nalo?"

"Wazo hilo halitiwi na muuguzi. Kama halimo atakushangaa, atakutania, mtacheka. Kama limo, limekaa humo peke yake muda mrefu." Corazon akamnyang'anya karatasi za wagonjwa wake. "Nenda. Na usimwulize umesimama mguu mmoja ndani mmoja nje. Kaa chini."

Mzee Pruitt alikuwa amepelekwa kwenye mazoezi ya kutembea, bahati njema. Loretta akavuta pazia, akavuta na kiti, akakaa. Orest alimtazama kwa jicho la mchezo.

"Kuna nini? Nimefeli mtihani?"

"Hapana. Nimekuja kukaa tu." Ilimpasa aanze mahali, naye akaanza pabaya. "Utazoea, mzee. Watu wengi wanaishi vizuri kabisa na mkono mmoja."

Aliuona uso wa mzee ukijifunga. Tabasamu lilibaki, lakini nyuma yake mlango ulishafungwa na komeo likapigwa. "Ndiyo," Orest akasema kwa adabu. "Nimesikia hivyo."

Loretta alijiona mjinga. Maneno yale hakumwambia mgonjwa. Alijiambia mwenyewe, ili moyo wake mwenyewe utulie. Angeweza kunyanyuka sasa, akasema safari njema, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akavuta pumzi.

"Samahani. Nimesema upuuzi. Sijui kama watu wengi wanaishi vizuri na mkono mmoja. Simjui hata mmoja."

Orest akageuza kichwa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama kweli. Akatoa kicheko kifupi, kikavu, ambacho hakikufanana hata kidogo na vile vya kwanza.

Kimya kilikuwa kirefu. Mabomba ya joto yaligonga ukutani. Kila sekunde Loretta alitaka kutupia humo neno lolote, habari ya hewa, ya chakula, ya mkewe, na kila mara aliuma ulimi. Huko koridoni toroli lilipita likilia gurudumu. Mtu alimwita mwenzake. Yeye akakaa.

"Nikikwambia jambo," Orest akasema, sauti imeshuka, "litabaki hapa?"

"Litabaki."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilimtoka kabla hajaliona, kwa furaha tu ya kusikia mlango ukifunguka.

"Mkono uliokatwa unauma," mzee akaanza. "Ule ambao haupo. Umekunja ngumi na hauwezi kukunjuka. Usiku mzima nauambia achia, achia." Akaangalia bandeji. "Lakini si hilo. Jirani zangu walinivunia ngano. Umesikia?"

"Slavka alituambia. Walikuja wote."

"Wote. Hata Harapiak, ambaye tumegombana kuhusu mpaka tangu baba zetu. Walikuja na mashine zao, zikajipanga shambani kama wanajeshi. Wanawake wakapika, watoto wakakimbia huku na huku. Kwa siku moja shamba likaisha, safi. Mimi kulimaliza ni wiki tatu. Slavka akaniletea picha, nikaziangalia moja moja. Watu wema. Nawashukuru, Mungu anajua." Akameza mate. "Na shamba halikunihitaji. Unanielewa, binti? Halikuona hata kama sipo."

Loretta aliitikia kwa kichwa.

"Slavka bado ana nguvu. Atauza, ataenda kwa dada yake mjini Saskatoon. Wataimba kwaya pamoja, watagombana jikoni. Atakuwa sawa."

"Na wewe utakuwa wapi?"

Orest aligeukia dirisha. Loretta akalitoa swali.

"Mzee Orest, unafikiria kujiua?"

Hakushtuka. Hakukasirika. Mabega yake yalishuka polepole, kama ya mtu aliyebeba gunia umbali mrefu na mwenzake akasema haya, tua.

"Leo jioni," alisema. "Slavka ana mazoezi ya kwaya kanisani, hakosi. Sitaki awepo. Kila kitu kiko nyumbani, na nimeshakipanga kichwani. Ndiyo maana nimelala vizuri." Kisha akamtazama usoni. "Sasa unajua wewe tu. Na umeahidi."

Kwa kitambo kidogo Loretta akatamani arudi nyuma, awe hajaketi, awe anapanga vidonge mahali fulani. Maji yalishamwagika. Angeweza kutoka kwa tabasamu, amwambie Corazon kimyakimya, na mzee ashtukie tu ameshazungukwa. Ingekuwa rahisi zaidi. Lakini kama angefanyiwa yeye, asingemwamini tena mtu yeyote aliyevaa sare ile.

"Nimekuahidi vibaya," alisema. "Sikupaswa kusema litabaki hapa. Jambo hili siwezi kulificha, mzee. Nitalisema."

Uso wa Orest ulibadilika rangi. "Umesema nini?"

"Nitamwambia Dada Corazon na Daktari Froese. Hao wawili. Sitamwambia mzee Pruitt, wala mtu wa kanisani kwenu. Nakwambia wewe kwanza ili usije ukasikia kwa mwingine."

"Toka."

"Najua umekasirika..."

"Hujui kitu! Nilidhani nazungumza na mtu. Kumbe nazungumza na hospitali!" Mkono wa kushoto ulikuwa umekamata shuka hadi vifundo vikawa vyeupe. "Msaliti. Kasichana kadogo kasaliti. Toka mbele yangu!"

Loretta hakutoka. Alibonyeza kengele ya ukutani, akabaki kwenye kiti hadi Corazon alipotokea penye pazia. Walitazamana tu. Corazon akaingia, akakaa, akasema kwa utulivu kana kwamba amekuja kunywa chai, "Bwana Dumanski, mimi nitakaa nawe kidogo." Orest akawageuzia mgongo wote wawili.

Simu ilikuwa kwenye meza ya wauguzi. Loretta aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Majuzi tu alikuwa amempigia Daktari Froese kuhusu mgonjwa mwingine, akaanza mbali, akazunguka, akarudi, akasahau joto la mgonjwa, na daktari akamkata mbele ya watu: "Dada, unanisimulia hadithi au unaniomba kitu?" Tangu hapo kila simu ya kumpigia Anneke Froese ilimkausha mdomo. Naye Froese asubuhi hii ndiye aliyetia saini ya kumruhusu Orest. Je, akisema mzee anatania tu? Akisema huo si utaalamu wako? Loretta akafumba macho, akapanga maneno kwa mstari: kuna nini, kimetoka wapi, naonaje, nataka nini. Akapiga.

"Froese."

"Daktari, ni Loretta, muuguzi wa wodi ya upasuaji. Napiga kuhusu Orest Dumanski, uliyemruhusu leo. Ameniambia sasa hivi kwamba anakusudia kujiua jioni hii akifika nyumbani. Ana njia ya kufanya hivyo, na ameshachagua saa ambayo mkewe hayupo. Wiki nzima hakula wala kusema. Leo ghafla amechangamka na anagawa vitu vyake. Naona yuko katika hatari kubwa. Naomba uifute ruhusa yake, na daktari wa akili amwone kabla hajatoka."

Loretta akashika ukingo wa meza.

"Asubuhi alinitania kuhusu viatu vyangu," Froese akasema.

"Ndiyo, Daktari. Na mimi alinitania."

Ikasikika pumzi upande wa pili. "Nimeifuta. Namtafuta daktari wa akili, halafu nateremka. Asiachwe peke yake."

Kabla Loretta hajaweka simu chini, kengele ya dharura ililia chumba cha mwisho, na akamwona Corazon akipita mbio. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji asubuhi alikuwa ameanguka bafuni, anavuja damu, na muuguzi wa karibu alikuwa Corazon. Loretta alikimbilia nyuma ya pazia la Orest. Shuka lilikuwa limevutwa vizuri. Viatu havikuwepo. Koti halikuwepo.

Lifti ilikuwa juu. Akashuka ngazi, mkono ukiteleza kwenye kikingio, kichwani akiwa na neno moja tu: umeahidi, umeahidi. Pale chini watu walikuwa wakinunua kahawa. Hakumwona. Milango mikubwa ikajifungua, upepo wa Oktoba ukampiga kifuani, upepo uliojaa vumbi la makapi kutoka mashambani, na hapo, kando ya njia ya magari, kulikuwa na pikapu ya kijani, injini inanguruma. Slavka, aliyekuja kumchukua mumewe, alikuwa kwenye usukani, kitambaa chekundu kichwani. Orest ameketi pembeni yake, anatazama mbele.

Loretta akashika mlango upande wa mgonjwa. Slavka, mwanamke mfupi mwenye mashavu mekundu ya kung'aa, akateremsha kioo cha upande huo.

"Nesi! Amesahau dawa? Nilimwambia, huyu angesahau kichwa chake kama kisingekuwa kimeshonwa."

"Mama, tafadhali zima gari kidogo."

"Kuna nini?"

"Twende, Slavka," Orest akasema.

Loretta angeweza kulitamka pale pale. Sentensi moja tu, na jukumu lingemtoka mikononi. Lakini alimwona mzee alivyokaa, mkono mmoja umelala mapajani, na akafikiri: kulisema mwenyewe ndilo jambo la mwisho ambalo bado ni lake.

"Mzee Orest ana jambo la kukwambia, mama. Akishindwa nitamsaidia. Lakini msiondoke kabla halijasemwa."

Slavka akamtazama muuguzi, akamtazama mumewe. Mkono wake ulikuwa kwenye gia. "Orest?"

"Nimesema twende! Wamefanya kosa kwenye makaratasi yao, wanataka kutuweka siku nzima. Endesha!"

Na Slavka, aliyekuwa amezoea kumsikiliza mtu huyu maisha yake yote, akaingiza gia. Gari likasogea. Loretta akasogea nalo, mkono bado uko mlangoni, viatu vya wodini vikiteleza kwenye changarawe.

"Mzee, naogopa!" alisema. Hayakuwa maneno ya chuoni. "Naogopa nikikuachia sitakuona tena. Na yeye hatakuona tena. Nikane, nitukane, lakini mwambie!"

Breki zikalia. Injini ikawa inanguruma mahali pamoja. Orest alifumba macho, midomo ikatikisika, kisha akatamka maneno machache kwa Kiukraine, chini kwa chini, kama mtu anayeungama. Loretta hakuijua lugha hiyo. Alichokiona ni uso wa Slavka tu: wekundu ulitoka mashavuni wote, mara moja.

Slavka akazima gari.

Hakulia. Aliupiga usukani kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akampiga mumewe kwenye bega lililo zima, kisha akamkamata ukosi wa koti kwa mikono miwili. "Mjinga wewe!" akapiga kelele, na watu mlangoni wakageuka. "Mjinga! Mimi nilikuwa nakwenda kuimba! Ningekuwa nimesimama pale naimba!"

Kichwa cha Orest kikalala kwenye kitambaa chekundu cha mkewe, na sauti iliyomtoka ilimfanya Loretta aangalie pembeni, ingawa mlango hakuuachia.

Daktari Froese alitokea akiwa na kofia ya chumba cha upasuaji, bila koti, ameukumbatia mwili wake kwa baridi. Hakuhutubia. Alisimama upande wa dirisha akasubiri. Kisha akasema, "Bwana Dumanski, mimi naganda hapa. Tafadhali turudi ndani."

Baada ya muda, mzee akateremka.

Alasiri hiyo daktari wa akili alizungumza naye kwa kirefu, Slavka akiwepo, na ikaamuliwa abaki Kalyna mpaka apatikane kitanda huko Saskatoon. Shemeji ya Orest alikwenda shambani jioni hiyohiyo, akazitoa bunduki zote za uwindaji nyumbani na kuzikabidhi polisi. Hayo yote yalikwenda kama yanavyotakiwa kwenda. Jambo moja tu halikwenda: Orest aliomba asihudumiwe na Loretta tena.

Corazon ndiye aliyempa habari, katika chumba cha kupumzikia, baada ya kufunga mlango. "Amesema mtu yeyote ila wewe. Nimemkubalia."

Loretta aliitikia. Chai ilikuwa imepoa mkononi. "Nilimwahidi, Dada."

"Ndiyo. Na lilikuwa kosa." Corazon hakulipamba. "Siku nyingine mgonjwa akikuuliza hivyo, mwambie kabla hajafungua mdomo: nitakutunzia siri zako zote, isipokuwa ile itakayokuua."

"Ningesema hivyo leo, angeniambia?"

Corazon alifikiri. Alikuwa mtu wa majibu ya haraka, lakini hilo lilimchukua muda. "Pengine angekwambia. Pengine asingekwambia. Sijui, mdogo wangu." Akamsogezea biskuti. "Kula."

Hakuweza kula. Siku zilizobaki alipita mbele ya kitanda kile akielekea kwa wengine, na kila alipopita mzee aligeukia ukuta. Slavka alimkuta siku moja koridoni, akamkamata mkono juu ya kiwiko, akaubana kwa nguvu hadi ukauma, akaendelea na safari yake bila neno. Kisha gari la wagonjwa likaja, kitanda kikatandikwa upya, akalala mtu mwingine.

Majira ya baridi yaliingia. Theluji ikafunika mabua ya ngano, barabara zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Loretta alikuwa na tabia mpya ambayo hakumwambia mtu: gazeti la mji likifika wodini, alianza na ukurasa wa vifo. Alipitisha kidole kwenye herufi D, na mpaka kidole kifike chini alikuwa hapumui. Hospitali ya Saskatoon hakuipigia simu, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuuliza. Mgonjwa hakuwa wake tena. Alijifunza kufanya kazi na hofu hiyo kama mtu anavyofanya kazi na jino bovu. Wagonjwa waliomwomba ahadi aliwajibu kama Corazon alivyomfundisha. Mama mmoja alinyamaza papo hapo asiseme tena. Loretta alilala macho wazi, ingawa kesho yake mama huyo alijisemea mwenyewe, akiwa anachanwa nywele.

Ilikuwa Machi, maji ya theluji yakidondoka kutoka mapaa, alipomwona. Orest alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni hospitalini, nje ya mlango wa kliniki ya viungo bandia, amepungua mwili, mkono wa bandia umelala gotini kama kitu alichoazimwa. Loretta alisita. Angeweza kupitia njia ya nyuma. Akaenda mbele, akasimama mbali kidogo.

"Mzee Orest. Niende, au nikusalimie?"

Alimwangalia muda mrefu. "Nisalimie. Slavka yuko anatafuta mahali pa kuegesha gari, atagombana na mtu."

Loretta akakaa mwisho wa benchi. "Habari za siku?"

"Leo si mbaya. Juzi ilikuwa mbaya." Alizungumza polepole, kama anayepima kila neno kabla ya kulikabidhi. "Harapiak amekodi nusu ya shamba. Analima vibaya. Kila siku nakwenda kumwambia, naye kila siku ananifukuza."

"Na yale mawazo?"

Mzee hakukunja uso. "Yanakuja. Yakija namwambia Slavka. Anaacha anachofanya, anakaa, ananitukana kwa Kiukraine mpaka yanaona aibu, yanaondoka. Mengine hayaondoki. Hayo tunayapeleka kwa daktari."

Loretta aliitikia kwa kichwa.

"Bado nimekukasirikia," Orest akasema.

"Najua."

"Unajua? Naamka, nipo hai, jua limetoka, nakunywa kahawa, na bado nina hasira na wewe. Daktari ananiambia ni kawaida. Mimi naona ni ajabu."

"Unaweza kukaa nayo, mzee. Mimi sikuombi uiache."

Akaguna. Mlango wa mwisho wa korido ukafunguka, sauti ya Slavka ikatangulia kabla yake, anamlalamikia mlinzi. Orest akajiinua, mkono wa bandia ukagonga benchi, akautazama kwa chuki kidogo na kuuweka sawa.

"Nenda kazini," alimwambia Loretta bila kumgeukia. "Wagonjwa wako wanakungoja."

Loretta akaenda. Alipofika wodini kengele ya kitanda cha nne ilikuwa inalia, na Corazon alikuwa ameshaanza kumwita.